Vinginevyo, Sema Nzuri

2 Machi

Mvua zimeanza leo, na mimi nimeanza shule leo. Mume wangu ameniangalia nikivaa viatu vya mpira, akasema, "Fundi, hata mbingu zimekuonea huruma, zinalia." Nimemwambia ajifunze kuchemsha chai yake, maana mwanafunzi hana muda wa mambo madogo.

Darasa liko kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Tuko watu wazima wachache, kila mmoja na kompyuta iliyochoka kumzidi mwenyewe. Mwalimu ni bwana mwembamba, mpole, anayefuta miwani kila akiulizwa swali. Amesema skripti ni maagizo tu, mashine inayasoma kutoka juu kwenda chini, na siri yote iko kwenye neno moja: ikiwa. Kompyuta inataka liandikwe if, na mwenzake else, ila ubaoni tunaanza kwa lugha yetu. Ikiwa, na vinginevyo.

"Ikiwa mvua inanyesha, chukua mwavuli," ameandika. "Vinginevyo, uache."

"Na ikiwa mwavuli kauazima jirani?" nimeuliza.

Amefuta miwani. "Hiyo ni ikiwa ndani ya ikiwa, mama. Tutafika."

Darasa zima limecheka. Mpaka tunatoka tulikuwa tumeshambatiza: Mwalimu Ikiwa.

3 Machi

Niandike kwa nini mwanamke wa umri wangu, mwenye nguo za watu zimerundikana mezani, amejipeleka darasani. Ni kwa ajili ya mama mkwe. Kiharusi kimeua upande wake wa kulia, kimeugandisha uso na kuulaza ulimi. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na kwenye mkono huo kidole kimoja chenye nguvu. Haongei, wala hawezi kutikisa kichwa. Anaangalia tu, na jicho moja linatiririka machozi kutwa. Hospitali walituambia hayo si kilio, ni mshipa.

Zamani ulimi alikuwa nao, na nani asiyejua. Miaka yote ya ndoa yangu hajaniita mwanangu hata siku moja. Aliniita "mke wa mwanangu", tena nikiwa nimesimama mbele yake: "Mwambieni mke wa mwanangu mchuzi umezidi chumvi." Sasa mimi ndiye ninayehangaika kumrudishia maneno. Mume wangu ameniuliza kama nimelifikiria vizuri jambo hili.

6 Machi

Mvua. Nimemaliza mapazia ya mteja. Mama amekula vizuri.

9 Machi

Leo tumejifunza alama ya sawasawa. Ukiiandika moja, unaiamrisha mashine: hiki kiwe hiki. Ukiziandika mbili, unaiuliza: je, hiki ni hiki? Nimechanganya kutwa nzima, nikawa naamrisha pale nilipotaka kuuliza. Mume wangu amesema si kompyuta iliyonifundisha tabia hiyo.

Mwalimu amenikopesha kibao kidogo cha namba cha kuchomeka pembeni ya kompyuta. Vitufe vyake ni vikubwa kiasi, kidole kimoja kinatosha. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Tutaona.

14 Machi

Nimevalisha vitufe nguo. Vipande vidogo vya vitambaa, nimevibandika kwa gundi na kuvishona pembeni ili visibanduke. Nyeupe ni maji. Njano ni choo. Kijani ni nigeuzeni. Kilibaki kitufe cha maumivu. Mwalimu alisema nitumie nyekundu, watu wote duniani wanaielewa. Nimempelekea mama vipande kitandani. Nyekundu ameisukuma na kidole mpaka ikaanguka chini. Hajawahi kuipenda nyekundu, hata harusini kwangu aliisema. Akakiweka kidole juu ya kipande cha rangi ya bahari na hakukiondoa.

"Buluu, mama? Haya, buluu."

Kwa mara ya kwanza tumekubaliana jambo bila mtu wa tatu kuingilia.

17 Machi

Sauti ni ya wifi yangu, dada wa mume wangu. Anaishi mbali, lakini anaongea kama mama alivyokuwa akiongea, ukimsikia toka mlango wa pili, unasimama wima. Amejirekodi akanitumia: Naomba maji. Nataka choo. Nigeuzeni. Inauma.

Juu ya skripti niliandika darasani, kitufe hiki kina rangi hii, kitufe hiki rangi ile. Chini yake, nyumbani, nimeandika ikiwa zangu moja baada ya nyingine: ikiwa rangi ni nyeupe, cheza sauti ya maji, na kuendelea. Mwisho likabaki vinginevyo. Nimewaza sana hapo. Vitufe vilivyobaki havina nguo, na mkono wa mama unatangatanga. Akigusa pengine, mashine iseme nini? Iseme "umekosea"? Mwanamke yule aambiwe amekosea, kwa sauti ya bintiye? Nikaona bora ajibu salamu. Kwetu nani anaulizwa habari akajibu "mbaya"? Hata mwenye msiba huanza na nzuri. Nikamwomba wifi arekodi moja zaidi, na maneno nikamwandikia mwenyewe: "Nzuri, mwanangu. Asante."

Nimejaribu maji, choo na nigeuzeni. Vyote vimeitika. Kompyuta na spika yake nimeziacha kando ya kitanda cha mama, darasani nitachungulia ya mwenzangu. Cha buluu sikukigusa. Maumivu hayaitwi ndani ya nyumba.

18 Machi

Nimefungua dirisha, nikasema kama kila siku, "Habari za kuamka, mama?" Nilikuwa nimempa mgongo, nafunga pazia.

"Nzuri, mwanangu. Asante."

Nimekaa chini. Najua maneno niliyatunga mimi. Sauti ni ya wifi. Lakini kidole ni chake. Nimekwenda jikoni nikalia hadi mume wangu akadhani nimejiunguza.

21 Machi

Maji mara mbili, choo, nigeuzeni. Na nzuri mwanangu.

25 Machi

Darasani nimesimulia. Wamenipigia makofi. Mwalimu Ikiwa ameniuliza, "Umevijaribu vyote?" Nimesema ndiyo. Amefuta miwani.

2 Aprili

Mvua haikati. Nguo za wateja hazikauki, nyumba nzima inanuka unyevu. Ninashonea chumba cha mbele, mlango wa mama uko wazi nyuma yangu, na huku cherehani kikilia namsikia: nzuri, mwanangu, asante. Hata sijamuuliza. Mara nyingine mfululizo, kama mtu anayezungumza peke yake. Namjibu bila kugeuka, "Asante na wewe, mama."

Mume wangu amesema hamkumbuki mama yake akiwa na adabu kiasi hiki. Amesema kwa kutania, lakini macho yake yalikuwa yamelegea.

5 Aprili

Kidole kinamteleza siku hizi. Nimemkuta kimelala kwenye kitufe cha buluu, huku mashine inasema nzuri. Nimekiinua, nikakipangusa jasho.

9 Aprili

Amekataa uji. Jana pia. Nimeubadilisha, nikaupoza, nikaupunguzia sukari. Anafumba mdomo. Nilichukia, niseme ukweli. Nikasema moyoni, umepooza mwili mzima lakini dharau haijapooza. Kumbe bado chakula changu hakikufai. Kisha nikiwa mlangoni na bakuli mkononi, mashine ikasema, "Nzuri, mwanangu. Asante." Hasira ikaniishia pale pale. Nikaona aibu.

13 Aprili

Hajala. Mvua.

16 Aprili

Amekula vijiko vichache kutoka kwa mume wangu. Anakonda. Tumesema ni uzee na kulala muda mrefu. Jioni, ile sauti ilirudia na kurudia, nikaipunguza kidogo ili niweze kupima kola ya mteja.

20 Aprili

Naandika na nguo zilizolowa bado mwilini.

Leo darasani somo lilikuwa vinginevyo. Mwalimu ameandika ubaoni kwa herufi kubwa, akatugeukia.

"Vinginevyo ni pipa," amesema. "Kila usichokifikiria kinaangukia humo. Kila ulichokosea kinaangukia humo. Kwa hiyo msiweke neno zuri kwenye vinginevyo. Wekeni 'sijaelewa'. Ukiweka neno zuri, skripti yako itakudanganya kila siku, na utafurahi."

Sijui kwa nini niliinuka. Sikuaga. Mwavuli nimeuacha pale. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa, nikaenda moja kwa moja kwa mama. Kidole chake kilikuwa juu ya buluu. Nikakisogeza, nikakibonyeza kitufe mwenyewe.

"Nzuri, mwanangu. Asante."

Nikabonyeza tena. Nzuri, mwanangu. Asante.

Mama alikuwa ananiangalia. Lile jicho lilikuwa linatiririka, na mimi kwa mara ya kwanza sikuukumbuka mshipa.

Nimeifungua skripti nikaisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama ninavyokagua mshono uliofumuka. Juu, nilikoandika darasani nikifuata ubao wa mwalimu, kitufe cha nne kina rangi "bluu". Chini, nilikoandika nyumbani kama tunavyosema nyumbani: ikiwa rangi ni "buluu", cheza sauti ya maumivu. Bluu, buluu. Mtu yeyote atakuuzia kitambaa kilekile ukitamka hivi au vile. Mashine imeuliza, je, bluu ni buluu? Ikajijibu, hapana. Ikapita. Ikaangukia pipani, na pipani niliweka neno zuri.

Tangu katikati ya Machi anatuambia inauma. Asubuhi nikifungua dirisha ananiambia inauma. Nikishona ananiambia inauma, inauma, inauma, na mimi namshukuru bila kugeuka. Nilimwona kwa macho yangu ameshika buluu, nikaiamini sauti nikakiacha kidole.

Na lile neno mwanangu? Hajaniita mwanangu. Nilijiita mwenyewe.

Nimerekebisha herufi. Ni moja tu. Nikamwekea kibao chini ya mkono. Akabonyeza, na sauti ya wifi ikasema, "Inauma." Kidole cha mama kikasimama hewani, kama mtu aliyeshtuliwa na mlango kufunguka. Kisha akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Nikaushika ule mkono nikaupitisha mwilini, nikiuliza, hapa, hapa? Chini ya mbavu, upande wa kushoto, kidole chake kilinikandamiza kwa nguvu.

21 Aprili

Nimemwambia mume wangu kila kitu. Amesikiliza akiwa amesimama. Mwisho ameuliza swali moja tu: "Na wewe ulikuwa unashona?"

Nimesema ndiyo, nilikuwa ninashona.

24 Aprili

Hospitali. Daktari ni mama mmoja wa makamo, hana maneno mengi. Ni uvimbe tumboni, umeshasambaa. Hawatampasua. Ametuandikia dawa ya matone ya kupunguza maumivu, akasema tukae naye nyumbani.

"Hakulalamika?" ametuuliza.

Mume wangu ameangalia sakafu. Mimi nimesema, "Alilalamika."

"Mngemleta mwezi uliopita labda tungejaribu kitu," amesema. "Labda. Siwezi kuwaahidi lililopita."

Niliwahi kumuuliza mwalimu, je, mashine inajua kusema ningalijua? Akasema haijui. Inajua ilivyo na isivyo, basi. Siku ile niliona ni upungufu wake. Leo naionea wivu.

27 Aprili

Matone hayafiki yanakotakiwa kufika. Inauma. Nimelifuta lile vinginevyo lote, sasa akigusa kitufe kisicho na nguo mashine inanyamaza. Sijarudi darasani.

28 Aprili

Nimekaa karibu naye nikasema, "Mama, kosa ni langu. Niliandika vibaya." Ameniangalia. Akabonyeza buluu. Sijui kama alikuwa ananijibu au tumbo lilikuwa linauma tu. Sikumwekea kitufe cha kusamehe, na ningekiweka nisingekiamini.

1 Mei

Mvua. Inauma. Sijashona.

5 Mei

Wifi amefika na mizigo yake, amelowa. Ameingia chumbani kwa mama, na kabla hajainama kumsalimu, mashine imesema, "Inauma." Wifi amesimama katikati ya chumba. Ni yeye aliyejirekodi, lakini nadhani hakuwahi kufikiri siku moja atakaa upande wa kusikia.

Jirani wa upande wa pili naye amekuja kutazama mgonjwa. Amenivuta pembeni akanong'ona, "Ndiyo hayo, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mama hakuficha," nimemwambia. "Nilimfichia mimi."

Hakuelewa. Ameniambia nipumzike.

8 Mei

Wageni wanamiminika. Kila anayeingia anasema, "Habari za hapa, mama?" na mashine inamwambia kwamba inauma. Watu hawajui pa kuweka mikono. Mmoja alianza kucheka kwa aibu. Wengine wanakaa kidogo, wanaomba dua haraka haraka, wanakumbuka nguo walizoanika, na mvua hii.

Baada ya wote kuondoka wifi amekuja jikoni.

"Wifi, naomba uiondoe ile sauti."

"Ndiyo sauti yake."

"Ni sauti yangu! Watu wanaingia wanasikia mimi nalia kutwa nzima. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Mrudishie heshima yake."

"Heshima gani, wifi? Ile ya kusema nzuri?"

"Ndiyo, ile. Si ulimpa mwenyewe?"

Mume wangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Amesema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Fundi, wageni wakiwepo tu. Wakiondoka, arudi kusema anavyotaka."

"Ikiwa wageni wapo, sema nzuri," nimesema. "Vinginevyo, inauma."

"Eeh. Hivyo hivyo."

Mume wangu ametunga ikiwa yake ya kwanza, na haina kosa hata la herufi. Nimesema siiandiki. Amesema basi. Hatujapigana, hatukuinuliana sauti. Lakini tumekaa mezani wote watatu, na hakuna aliyempitishia mwenzake kitu.

10 Mei

Asubuhi kabla ya wageni mume wangu ameingia chumbani kwa mama akachomoa waya wa spika. Ameuzungushia mkononi vizuri, akautia mfukoni. Hakuniangalia. Simchukii. Hana pengine moyoni pa kumweka mama yake, na mimi nilishampa pahali pazuri kwa mwezi mzima kisha nikamnyang'anya.

Wageni wamekuja. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba mkwe, amekaa kwenye kiti akasema, "Habari za siku nyingi, shemeji?"

Mama amebonyeza. Kitufe kikalia tk, basi. Kila mtu akafanya kama hakusikia. Wifi akaanza kuuliza habari za barabara huko mzee alikotoka, kama ina matope.

Tk.

Nilikuwa nimesimama ukutani na sinia la vikombe. Nikaliweka chini, nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda, nikasema, "Inauma. Mama anasema inauma."

Mume wangu ameniita kwa jina langu, si Fundi.

Tk.

"Inauma," nikasema.

Wifi ametoka nje. Mzee amebaki. Ameinamisha kichwa, hakuuliza kitu kingine, na kila mama alipobonyeza nilisema, na kila niliposema mzee alisema, "Pole, shemeji." Sikujaribu kuifanya sauti yangu iwe kama ya mtu mwingine. Mama alikuwa akiniangalia mimi, si kibao. Sijui alikuwa ananionaje. Zamani ningeandika hapa kwamba alinitazama kwa upendo.

Mzee alipoinuka kuondoka ilikuwa imeshakaribia magharibi, na koo lilikuwa limenikauka.

11 Mei

Inauma. Nimesema kila alipobonyeza. Wifi amekaa nasi mchana, ameshika miguu ya mama, hajaniongelesha.

12 Mei

Inauma. Mara chache zaidi. Katikati yake anakaa kimya muda mrefu, nami nakaa. Mume wangu ameleta ule waya, ameuweka juu ya meza bila neno. Sikuuchomeka.

13 Mei

Nimefungua dirisha. Nimesema, "Habari za kuamka, mama?" nikageuka kumwangalia, kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda, mkono wake juu ya kibao, nikisubiri abonyeze niseme. Jua limeingia hadi kwenye shuka. Wifi ameingia, ameangalia, ametoka akimwita kaka yake.

Hajabonyeza.